Mlima Elgon Hauna Barafu, Lakini Setilaiti Inautazama Pia

Asubuhi isiyo na mawingu, mtu aliyesimama mjini Kitale akitazama magharibi huuona Mlima Elgon wote, kuanzia mashamba ya mahindi ya Endebess hadi kilele cha Koitobos. Upande wa Bungoma, wakazi wa Kimilili na Chwele huuona mlima huohuo wakigeuka kaskazini. Wabukusu huuita Masaba. Juu kabisa kuna mwamba, nyasi na ukungu. Barafu ya kudumu hakuna.

Kwa sababu hiyo, redio inapotangaza kwamba barafu ya Mlima Kenya inakwisha, wengi katika kaunti za Trans Nzoia na Bungoma huichukulia kuwa habari ya watu wa Nyeri na Meru. Hata hivyo, setilaiti zinazopima barafu ile ndizo hupita juu ya Elgon kila baada ya siku chache na kupima msitu wake. Katika milima yote miwili swali ni moja: ni nini kinachoyashika maji huko juu, na kimebaki kiasi gani?

Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanywa, yale ambayo picha zimeonyesha, na sababu ya matokeo yake kumhusu mkulima wa Kwanza au Cheptais.

Kwa nini Mlima Kenya una barafu na Elgon hauna

Hewa hupoa kadiri mtu anavyopanda mlima. Kwa kila kilomita moja ya kwenda juu, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi. Karibu na ikweta, mtu hufikia hewa ambayo wastani wake ni nyuzi sifuri akiwa kwenye mwinuko wa mita 4,700 hivi. Chini ya hapo theluji huweza kuanguka, lakini haikai.

Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya, kina mita 5,199. Kilimanjaro una mita 5,895, na milima ya Rwenzori, kwenye mpaka wa Uganda na Kongo, hufika mita 5,109. Yote mitatu huvuka mstari huo, na ndiyo pekee barani Afrika yenye barafu ya kudumu. Kilele cha juu cha Elgon ni Wagagai, kilichoko upande wa Uganda, chenye mita 4,321. Koitobos, upande wa Kenya, una mita 4,222. Elgon unakosa baridi ya kutosha kwa mita mia nne hivi.

Weupe unaoonekana juu ya Elgon baada ya dhoruba huwa ni mvua ya mawe au theluji nyepesi, na jua likiwaka huyeyuka. Weupe wa alfajiri kwenye nyasi za mwinuko ni sakitu, yaani umande ulioganda. Barafu ya kudumu ni kitu kingine. Ni theluji ya miaka mingi iliyorundikana na kukandamizwa na uzito wake yenyewe, ikawa ngumu kama jiwe na kuanza kuteremka polepole bondeni. Wataalamu huiita mto wa barafu.

Elgon nao ulikuwa na barafu ya aina hiyo zamani, dunia ilipokuwa na baridi zaidi. Mabonde yaliyochongwa na vifusi vya mawe vilivyoachwa huko juu bado vinashuhudia. Huenda mtu akauliza: kama barafu ya Elgon ilikwisha kabla ya magari na viwanda, kwa nini ile ya Mlima Kenya ihusishwe na shughuli za binadamu? Jibu liko kwenye kasi. Mabadiliko yale ya kale yalichukua maelfu ya miaka. Haya ya sasa yametokea katika muda wa vizazi vichache, na hewa yenye gesi nyingi za kunasa joto, zitokanazo na kuchoma mafuta, makaa ya mawe na misitu, ndiyo inayoendelea kuipasha dunia.

Kutoka mito ya barafu 18 hadi ekari 17

Mwishoni mwa karne ya 19, wasafiri kutoka Ulaya walipoanza kufika juu ya Mlima Kenya, mlima huo ulikuwa na mito ya barafu 18. John Walter Gregory aliikaribia mwaka wa 1893. Halford Mackinder na wenzake walifika kilele cha Batian mwaka wa 1899. Mkubwa zaidi kati ya mito hiyo ulipewa jina la Lewis, na mwaka wa 1934 ulichorewa ramani ya kina. Baadaye mtafiti Stefan Hastenrath aliupima kwa miaka mingi akitumia vigingi vilivyochomekwa ndani ya barafu, akirudi kuona ni kiasi gani cha kila kigingi kimebaki wazi.

Kutokana na vipimo hivyo, mto wa Lewis sasa unajulikana vizuri kuliko karibu barafu yoyote nyingine ya ukanda wa joto. Kati ya mwaka wa 1934 na 2010 ulipoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake. Mto wa jirani uliopewa jina la Gregory umekwisha kabisa. Lewis wenyewe umepasuka vipande viwili.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2024, uliotumia picha za setilaiti za kiwango cha juu, uliipima barafu yote ya Afrika Mashariki kama ilivyokuwa mwaka wa 2021 na 2022. Kilimanjaro ulikuwa umebaki na kilomita za mraba 0.98, Rwenzori 0.38, na Mlima Kenya 0.069. Ikilinganishwa na makadirio ya mwanzoni mwa karne ya 20, zaidi ya asilimia 90 ya barafu hiyo imetoweka.

Kilomita za mraba 0.069 ni sawa na ekari 17 hivi. Barafu yote ya Mlima Kenya ingeweza kutoshea ndani ya shamba moja kubwa kule Moi's Bridge, na nafasi ikabaki. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilionya mwaka wa 2021 kwamba Mlima Kenya unaweza kubaki bila barafu katika miaka ya 2030, na milima hiyo mingine katika miaka ya 2040. Umoja wa Mataifa uliutenga mwaka wa 2025 kuwa mwaka wa kuhifadhi mito ya barafu, na Machi 21 sasa ni siku yake ya kila mwaka.

Jinsi setilaiti inavyoitambua theluji

Setilaiti za kutazama ardhi huzunguka dunia kutoka ncha moja hadi nyingine, zikiwa mamia ya kilomita juu, huku dunia ikijizungusha chini yake. Landsat ya kwanza, mali ya Marekani, ilirushwa Julai 1972, na zilizofuata hazijaacha kupiga picha tangu wakati huo. Ndiyo maana mtaalamu leo anaweza kuweka picha ya miaka ya 1970 kando ya picha ya juzi na kulinganisha. Tangu 2008 picha hizo zimekuwa za bure kwa mtu yeyote. Nchi za Ulaya nazo zina Sentinel-2, ambazo zilianza kazi mwaka wa 2015 na hupita mahali pamoja kila baada ya siku tano hivi.

Picha hizo zimegawanywa katika vidoa vidogo. Kidoa kimoja cha Landsat ni mraba wa mita 30 kwa 30, karibu sawa na ploti mbili za futi 50 kwa 100. Kidoa cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10, kwa hivyo ploti moja ya 50 kwa 100 huchukua vidoa vinne hadi vitano. Kila kidoa huandikwa kiasi cha mwanga wa jua kilichorudishwa na ardhi ile. Setilaiti hupima mwanga ambao macho huuona, na pia mwanga ambao macho hayauoni.

Siri ya kazi yote iko kwenye mwanga huo usioonekana. Theluji na mawingu vyote ni vyeupe machoni. Lakini theluji hurudisha mwanga wa kawaida kwa wingi na kumeza sehemu kubwa ya aina fulani ya mwanga usioonekana, ilhali mawingu hurudisha aina zote mbili. Kompyuta hulinganisha vipimo hivyo viwili katika kila kidoa. Tofauti ikiwa kubwa vya kutosha, kidoa huhesabiwa kuwa theluji. Kisha vidoa vyote hujumlishwa na kugeuzwa kuwa ukubwa wa eneo.

Kazi haiishii hapo. Theluji iliyoanguka jana usiku hufunika mwamba na barafu pamoja, na picha ya siku hiyo ingeonyesha barafu nyingi kuliko iliyopo. Kwa sababu hiyo wapimaji huchagua picha za msimu wa kiangazi, theluji mpya inapokuwa imeyeyuka. Aidha, setilaiti hizi hupita saa nne au saa nne na nusu asubuhi, wakati ambapo mawingu mara nyingi yameanza kupanda mlimani. Huenda picha kumi zikapigwa na mbili tu zikafaa. Zipo pia setilaiti za rada ambazo huona kupitia mawingu, na hutumika sana kuchora maeneo yaliyofurika.

Ekari 17 ni vidoa 77 tu vya Landsat. Makosa ya vidoa vichache hubadilisha jibu. Ndiyo maana barafu ndogo kama hii sasa hupimwa kwa picha za kina zaidi, na majibu huthibitishwa na watu wanaopanda mlima kwa miguu.

Kenya si mgeni katika masuala haya. Setilaiti iliyoitwa Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, karibu na Malindi, Desemba 12, 1970. Kituo cha kikanda cha kuchora ramani za rasilimali, RCMRD, kimekuwapo tangu 1975 na makao yake yako Kasarani, Nairobi. Kenya ilirusha setilaiti yake ya kwanza ya kutazama ardhi, Taifa-1, Aprili 15, 2023.

Barafu ikiisha, mito itakauka?

Hili ndilo swali linaloulizwa sana, na jibu lake hushangaza. Mito ya Mlima Kenya na Kilimanjaro haitegemei barafu kwa sehemu kubwa. Maji mengi hutoka kwenye mvua inayonyesha katika ukanda wa msitu na nyika ya juu, yakazama ardhini na kutoka polepole kama chemchemi. Barafu huchangia kidogo, hasa kwenye vijito vya juu kabisa wakati wa kiangazi.

Kwa hivyo barafu inayokwisha ni kama taa nyekundu kwenye dashibodi ya gari. Haijazima gari, lakini inamwambia dereva kwamba kuna jambo linaendelea ndani. Mlimani inaonyesha kwamba joto limepanda na kwamba mvua na theluji vimebadilika. Kwenye Kilimanjaro, kwa mfano, ukavu wa hewa umechangia sana, kwa kuwa barafu ya kileleni hupungua hata wakati ambapo hewa iko chini ya nyuzi sifuri, ikigeuka mvuke bila kupitia hali ya maji.

Hapo ndipo habari ya Mlima Kenya inapofika Trans Nzoia na Bungoma. Joto linalopanda kule linapanda huku pia. Elgon hauna taa nyekundu kileleni. Onyo lake lazima litafutwe kwenye msitu.

Ghala la maji la Elgon ni msitu

Elgon ni mmoja wa vyanzo vikuu vitano vya maji nchini, pamoja na Mlima Kenya, Aberdare, Mau na milima ya Cherangani. Mito Koitobos na Sabwani hushuka kuelekea Trans Nzoia na kujiunga na Nzoia, ambao pia hupokea maji kutoka Cherangani. Kuywa, Kibisi na Malakisi hupitia Bungoma. Maji ya mito hiyo, isipokuwa Malakisi, huishia Ziwa Victoria. Mto Suam nao huenda kaskazini, hubadilika jina na kuwa Turkwel, huzungusha mitambo ya umeme kwenye bwawa la Turkwel na kumalizikia Ziwa Turkana. Mti unaokatwa juu ya Endebess unamhusu hata mfugaji wa Lodwar.

Msitu haumpi mtu maji ya bure. Miti nayo hunywa maji. Kazi yake kubwa ni kuyapanga kwa wakati. Majani hupunguza nguvu ya matone, takataka za majani hufyonza, na mizizi huacha njia ambazo maji hupitia kuzama ardhini. Juu zaidi, mianzi na nyika yenye kuvumwani hushika ukungu na kuutiririsha tone kwa tone. Mvua ya Agosti hutoka kwenye chemchemi ya Januari. Mteremko uliofyekwa hufanya kinyume: mvua huteremka kwa saa chache ikiwa imebeba udongo, halafu Januari kijito hubaki mawe matupu.

Hasara huonekana kwenye misimu yote miwili. Wakati wa mvua, udongo wa mteremko hujaza mabwawa na mifereji, na mafuriko ya Nzoia hufika hadi Budalang'i katika Kaunti ya Busia. Upande wa Uganda wa mlima huu, maporomoko ya ardhi ya Bududa mwezi Machi 2010 yalifukia vijiji na kuua watu wengi. Wakati wa kiangazi, akina mama hutembea mbali zaidi kutafuta maji na majirani hugombania mfereji.

Msitu au mahindi? Kalenda hutoa jibu

Setilaiti hutambua mimea kwa njia inayofanana na ile ya theluji. Jani lenye afya humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga fulani usioonekana. Kidoa chenye tofauti kubwa kati ya hivyo viwili kina mimea mingi hai.

Tatizo ni kwamba mwezi wa Julai, Trans Nzoia yote ni ya kijani. Shamba la mahindi yaliyofika kifuani hung'aa kama msitu. Hapo kalenda ya mkulima ndiyo inayosaidia. Mahindi hupandwa Machi na Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba. Kufika Januari shamba limekuwa la rangi ya udongo, ilhali msitu wa asili haujabadilika. Mtaalamu akipanga picha za mwaka mzima, kidoa kinachobadilika rangi ni shamba na kisichobadilika ni msitu. Kidoa kilichokuwa kijani mwaka mzima tangu 1990, kisha kikaanza kugeuka rangi kila Desemba, kimefyekwa.

Si lazima mwananchi asubiri ripoti kutoka Nairobi. Tovuti ya Global Forest Watch huonyesha bila malipo, hata kwenye simu, mahali miti imepungua kila mwaka tangu 2001.

Mambo ambayo setilaiti haiyaoni

Ramani ina mipaka yake. Shamba la mikaratusi hubaki kijani mwaka mzima na huweza kuhesabiwa kuwa msitu, ingawa halihifadhi maji kama msitu wa asili. Miti ya kupandwa inapovunwa kihalali, picha huonyesha upara uleule unaoonekana mahali pa wizi wa miti. Eneo la mfumo wa shamba, ambapo wakulima hulima kati ya miche hadi ikue, huonekana tupu kwa miaka kadhaa. Mtu anayekata mti mmoja mmoja chini ya miti mirefu hukwepa setilaiti kabisa.

Zaidi ya hayo, kidoa hakina jina. Hakisemi ni nani alifyeka, kama alikuwa na njaa au alikuwa na lori, wala ardhi ile ilikuwa na mgogoro gani. Wakazi wa Mlima Elgon wanajua jinsi masuala ya ardhi yalivyo mazito. Picha inaweza kumwambia afisa aende wapi. Kinachofuata kinahitaji afisa huyo afike, aulize na asikilize.

Mwananchi anaweza kufanya nini

Katiba ya 2010 inazipa serikali za kaunti jukumu la kutekeleza sera za kuhifadhi udongo, maji na misitu, huku misitu ya serikali ikisimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya na mbuga na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Mwananchi ana nafasi katika ngazi zote hizo:

- Kuacha ukanda wa mto bila kulimwa. Kanuni zinataka kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingo wa juu wa maji, kulingana na upana wa mto. Nyasi za mabingobingo na miti ya kiasili hufaa. Mikaratusi isipandwe karibu na chemchemi.
- Kujiunga na chama cha jamii cha misitu au chama cha watumiaji wa maji cha eneo lake. Sheria inavitambua vyama hivyo katika usimamizi wa msitu na mto.
- Kuhudhuria mikutano ya kamati ya wadi ya kupanga masuala ya mabadiliko ya tabianchi. Kamati hizo ndizo hupendekeza miradi ya kufadhiliwa, kama kulinda chemchemi, kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko au kuanzisha vitalu vya miche.
- Kuomba kuonyeshwa ramani ya msitu wa eneo lake katika mikutano hiyo, ya zamani na ya sasa, kabla ya mradi wowote kupitishwa. Wazee wanaokumbuka mahali chemchemi zilipokuwa wanaweza kusahihisha yale ambayo picha imekosea.
- Kuripoti ukataji haramu kwa chifu, msimamizi wa wadi au kituo cha misitu kilicho karibu.

Barafu ya Mlima Kenya haiwezi kurudishwa na uamuzi wa kaunti moja. Joto linaloiyeyusha linatoka dunia nzima, na hata likipungua leo, ekari zile 17 huenda zisiokolewe. Elgon uko katika hali tofauti. Kinachoyashika maji yake ni miti, udongo na nyika, na chemchemi iliyozungushiwa miti ya kiasili huweza kupata nguvu tena katika muda wa maisha ya mtu mmoja. Setilaiti zitaendelea kupita saa nne asubuhi na kuandika yaliyopo. Picha za Januari ijayo, mahindi yakishavunwa, zitaonyesha mahali msitu ulipo na mahali ulipokuwa.